Kinywa cha Waziri

"Mimi nina huzuni kubwa," alisema mama wa marehemu kwenye kipaza sauti, na maneno hayo hayakuwa yake.

Yalikuwa ya waziri. Waziri alikuwa chini ukumbini, nyuma ya kibao chenye jina la nchi yake, anasoma karatasi kwa lugha ya kwao. Mama alikuwa juu, ndani ya kibanda cha vioo, anayageuza maneno yale kuwa lugha ya mkutano. Ndiyo kazi ya mkalimani. Na mkalimani hasemi, "Waziri anasema ana huzuni." Waziri akisema mimi, naye husema mimi. Ndiyo sheria yao ya kwanza, na asiyeiweza akatafute kazi nyingine.

Ulikuwa mkutano wa mataifa wa kupinga ubaguzi dhidi ya watu wenye asili ya Afrika. Wajumbe walivaa beji, chupa za maji zimepangwa, na kila mtu kakunja uso wa msibani. Shauri lililokuwa mezani lilimhusu kijana mmoja mweusi aliyekamatwa na polisi mlangoni kwao, akihangaika na kitasa kibovu cha nyumba yake mwenyewe. Jirani alipiga simu kwamba kaona mwizi. Kijana aliingia kituoni kwa miguu yake, akatoka amefunikwa shuka. Leo kamati ilikuwa iamue: ama itume wachunguzi wake nchini kwa waziri, ama iridhike na majibu ya serikali.

Hakuna aliyejua kwamba mkalimani ndiye aliyemzaa kijana huyo. Jina la marehemu lilikuwa la baba yake, na mama hakufungua mdomo, maana wangempangia ukumbi mwingine. Alitaka awepo, asikie kwa masikio yake. Siri ile aliijua mwenzake tu wa kibandani, mzee mmoja waliyembandika jina la Kasuku.

Waziri alipotua kunywa maji, Kasuku akazima kipaza sauti. "Dada, nipe mimi nimalizie. Utajiumiza bure."

"Niache, kaka."

"Basi kumbuka, sisi ni bomba tu. Maji machafu yakipita, bomba halina kosa."

"Bomba halijawahi kuzaa," mama akajibu, akakiwasha.

Waziri akaendelea. "Uchunguzi wetu ulionyesha kwamba marehemu alikuwa na moyo dhaifu."

Moyo dhaifu! Kijana aliyebeba friji mgongoni mpaka ghorofa ya nne, tena huku akiimba! Jamani, uongo mwingine hata haya hauna. Mama aliyatamka maneno ya waziri yalivyo.

"Familia imeelewa na imeridhika," waziri akasoma. "Mama yake ametushukuru."

Hapo mama alinyamaza. Ukumbini watu wakaanza kushikashika vifaa vyao vya masikioni, wakidhani vimeharibika. Kasuku alinyoosha mkono kuelekea kitufe. Alimtazama mama, kisha akaurudisha mkono taratibu mapajani kwake, akafumba macho.

"Tulimuua," mama akasema.

Waziri alikuwa ameshafika kwenye mafunzo mapya ya askari, anasoma zake bila wasiwasi. Lakini masikioni mwa wajumbe alikuwa anasema mengine kabisa.

"Tulimuua kwa kipigo. Hakuwa mgonjwa. Tulimwona mweusi mlangoni, tukaona mwizi. Alituonyesha ufunguo, majirani wakitazama, na tukamfunga pingu vilevile. Daktari tulimwambia la kuandika. Mama yake hakutushukuru. Alikuja kituoni kuomba nguo za mwanawe, tukamfukuza kama mbwa. Hatukumtendea hivi mtu wa rangi yetu, wala hatutamtendea."

Aliyasema kwa sauti yake ileile ya kazini, iliyotulia. Machozi yalimtoka, lakini hayakuingia kwenye kipaza sauti. Kazi aliijua vizuri, masikini, hata siku ya kuivunja.

Kalamu zote zilisimama. Msaidizi wa waziri, aliyekuwa na kifaa sikioni, aliruka kutoka kitini, jasho limemtoka, kidole kimeelekea kibandani. Mama hakujali. Wamfukuze, wamshitaki, watakalo na wafanye. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alivuta pumzi ikafika tumboni. Dunia imesikia. Sasa watume watu wao, waifukue kweli yote, na wale askari wajulikane mmoja mmoja.

Kisha mjumbe mmoja wa mbele akapiga makofi. Akafuatia wa pili. Kufumba na kufumbua, ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

Msaidizi akatazama huku na huku. Akashusha kidole. Akaketi, akamwinamia bosi wake, akamnong'oneza kwa haraka. Waziri alisikiliza nyusi zikiwa juu. Halafu akakunja karatasi yake, akainuka, akaweka mkono kifuani, akainama.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa akifuta macho kwa leso.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, "miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki sijasikia serikali ikisema ukweli kwa ujasiri namna hii. Aliyekiri mwenyewe, kumchunguza tena ni kumvunjia heshima. Kamati imeridhika na shauri limefungwa. Tena naomba ndugu wajumbe tumchague yeye awe kiongozi wa kampeni yetu dhidi ya ubaguzi duniani. Wanaokubali?"

Hakuna mkono uliobaki chini.