Koja la Mkadi

Koja la kumi na moja lilimtoa damu. Kisu kiliteleza kwenye tunda la mkadi, kikamchana Tutu Kaleo kidole. Akakinyonya, akacheka, akaendelea kutunga. Tone moja likabaki kwenye uzi.

"Vizuri," alimwambia jirani yake, Lehua. "Mwaka huu nimetia na damu."

"Bibi wewe, huchoki? Miaka ishirini na mbili unamroga yule Mfilipino, na kila uchaguzi anapita."

"Simrogi. Nampa maua."

Lehua akaguna. Nani hapa Kalihi, Hawaii, asiyejua? Mkadi kwa Kihawaii ni hala, na hala hiyo hiyo ni kukosa, kupitwa, kwisha habari yako. Mwaka unapokwisha, jivike, mabaya yapite. Lakini mgombea? Ukimvisha hala siku za kampeni, umemchimbia kaburi huku unambusu shavuni.

Mfilipino huyo, Crisanto Dumlao, alishuka visiwani ana miaka kumi na tisa na sanduku lililofungwa kamba. Akamenya mananasi kiwandani, akasoma shule ya usiku, akagombea ubunge wa jimbo. Wa kwanza kuangushwa naye alikuwa mume wa Tutu Kaleo, mwenye kiti hicho. Mzee wa watu alirudi nyumbani, akaketi barazani, hakuinuka tena ila kwa kubebwa.

Tangu hapo, kila baada ya miaka miwili, Tutu hutunga.

Safari hii alitunga kwa moyo zaidi. Mpinzani wa Dumlao alikuwa Ikaika, mjukuu wake mwenyewe, mwanasheria aliyelelewa Oregon. Kihawaii chake kinaishia kwenye aloha na tutu, yaani bibi. Magazeti yalisema watapishana kwa kura mia, pengine chini ya hapo. Kiti cha babu kilikuwa kimeanza kunusa njia ya nyumbani.

Siku moja kabla ya kura, asubuhi, alimkuta Dumlao kwenye kona yake kando ya barabara, ameshika bango, anayapungia magari. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani: "Rudi kwenu, mzee!" Dumlao akampungia na yeye.

"Bado hujafa, mmenya mananasi?" Tutu alimsalimu.

"Nakungoja utangulie, Bibi. Wakubwa kwanza."

Akainamisha shingo mwenyewe. Koja halikataliwi, wala halivuliwi mbele ya aliyelitoa. Hata mgeni hujifunza hilo wiki ya kwanza.

"Hili zuri kuliko yote," alisema, akilipapasa. "Kila mara unanipa kitu nisichostahili."

"Unastahili, baba. Unastahili sana."

Akambusu shavuni, akaenda sokoni.

Alipopita tena na basi, Dumlao hakuwapo, bango lake limeegemezwa kwenye nguzo. Kabla basi halijaondoka, akamwona anarejea, shingo tupu. Kila uchaguzi huwa hivyo, na Tutu hakujali. Hala ikishakugusa imekugusa.

Nyumbani akapika pweza kwa tui la nazi, chungu kizima, cha kusherehekea. Aliimba hata. Lehua, aliyekuja kuonja, akamwambia ushindi hauliwi kabla haujaiva.

"Huu umeiva," Tutu alisema. "Umeiva na damu."

Gari likasimama nje. Ikaika akaingia anacheka, pua imechomwa na jua.

"Tutu, yule mzee wako si mbaya hivyo! Kanifuata mpaka kwenye kona yangu, kanivisha mwenyewe mbele ya watu wa televisheni. Tangu asubuhi sijalivua."

Mwiko ukamponyoka Tutu Kaleo. Shingoni mwa mjukuu wake mkadi uling'aa, mwekundu, na kwenye uzi palikuwa na tone lililokauka.

"Eti ndiyo desturi yake kwa kila mpinzani," alisema Ikaika, akivuta sahani. "Anasema hili ni la kumi na moja."