Kidole Gumba cha Marehemu

Mwalimu wa chuo kikuu alimpa Murugi karatasi iliyosema kwamba marehemu mumewe alikubali kujaribiwa dawa mpya ya kifua. Mahali pa sahihi palikuwa na alama ya kidole, ya wino wa zambarau.

"Thibitisha tu, mama. Bila ruhusa yake, utafiti wa huyu mwanafunzi wangu hauna maana."

"Mzee alibonyeza mwenyewe," mwanafunzi alidakia. "Tena akicheka."

Murugi aliisogeza karatasi mlangoni penye mwanga. Mistari ya kidole ilizunguka vizuri, duara ndani ya duara, hadi nchani.

"Hii ni kidole gani?"

"Gumba, mama. Ya kulia."

Mwaka wa uhuru, mashine ya kumenya kahawa ilikula nusu ya gumba hilo. Murugi ndiye aliyelifunga kwa kipande cha leso, na kwa miaka kumi ndiye aliyemfungia mumewe vifungo vya shati.

Aliinua macho. Kalamu ya kijana ilikuwa imeacha kuandika.

"Mwalimu," alisema polepole, "uko na hiyo wino hapa?"

"Niko nayo."

"Basi mwambie kijana wako alete mkono."