Samaki Mzito

Samaki wa mbao aliyechongwa na Shaibu alikuwa mzuri wa kutazama, lakini kwa kuvulia hakufaa kitu. Kila akimrusha, upepo ulimrudisha mchangani, nao kolekole, samaki aliowawinda, walikuwa huko ng'ambo ya mawimbi, wakirukaruka kama wanaomcheka.

Asubuhi hiyo Shaibu alikaa ufukweni akamtoboa samaki tumbo, akatia kipande cha risasi, akaziba kwa nta. Kisha akamweka kwenye ndoo ya maji. Samaki aliyumba kidogo, akatulia, tumbo chini na mgongo juu, kama aliye hai.

"Mwanahawa, njoo uone. Leo amekuwa mzito, hapinduki tena."

Mkewe, aliyekuwa amemletea chai, akachutama kando ya ndoo. Akatazama, akatabasamu peke yake.

"Basi sasa wazito tuko wawili."

"Unasemaje?"

"Umesikia, mume wangu. Mkunga kanihakikishia jana."

Hata majirani walikwisha kuchoka kuwauliza habari za mtoto. Shaibu aliruka akasimama. Akamnyakua samaki ndooni, akamvurumisha baharini kwa mkono, kwa nguvu zake zote. Samaki akavuka wimbi la kwanza, akavuka la pili, akatumbukia mbali kabisa.

"Mshipi hukumfunga," Mwanahawa akasema.

Shaibu akautazama mshipi wa kuvulia uliolala mchangani, kicheko na machozi vikigombania uso wake.

"Mwache aende."

Kule mbali samaki wa mbao akaibuka, mgongo juu, na kolekole wakaanza kumzunguka.