Joto la Chatu

Kanga aliugua ghafla, akashindwa kuatamia. Majirani walimletea mtama mpaka ukajaa kandokando ya kiota, lakini mayai yakazidi kupoa.

Siku ya pili akaja Chatu. Majirani wote wakatimua mbio.

"Mama Chatu, umekuja kunimalizia wanangu?" Kanga aliuliza kwa sauti dhaifu.

"Hata mimi huatamia, mwenzangu. Wewe lala upone."

Akayazungushia mayai mwili wake, akakaa siku tisa bila kula. Majirani walirudi, wakachungulia kwa mbali.

"Anangoja yawe nyama, huyo," Kwale alinong'ona.

Mayai yakaanguliwa. Vifaranga wakampanda Chatu mgongoni, na mmoja akasinzia juu ya kichwa chake. Chatu alitetemeka kwa njaa, lakini kichwa hakukisogeza, asije akamwamsha mtoto.