Uchachu wa Mama Rukia

Anayeundwa upya hospitalini hurudishwa nyumbani na kichupa cha unga wa asidi ya ukwaju ya maabara, iliyopinduliwa kama sura kwenye kioo. Huo ndio uchachu pekee ambao ulimi wake mpya unaujua. Kwa wengine, unga huo hauna ladha kabisa.

Mwanasiti aliunyunyiza kwenye mchuzi wa mumewe, Shebe, kisha akalamba kidole kwa mazoea. Meno yake yakafa ganzi.

"Baba Rukia, mbona huu unga mchachu hivi?"

Shebe akauonja. "Mimi sisikii kitu."

"Lakini si wewe uliyelazwa? Nilikungoja kwenye benchi mpaka kiuno kikauma!"

"Mimi ndiye niliyekungoja wewe," akasema Shebe, naye hakuonekana kuwa na hakika.

Mwanasiti akachukua ukwaju kikapuni, akautafuna, akangoja uchachu uje.