Alichokitazama Mama

Siku hizi mashine ya kupimia macho huonyesha pia kile ambacho jicho limekitazama zaidi maishani. Sisi wanafunzi wa ufundi wa macho huruhusiwa kwenda nayo nyumbani kufanyia mazoezi, nami nikaanza na mama.

“Weka kidevu hapa, mama. Usipepese.”

“Haya, mwanangu, ila unaniumiza na hiyo taa.”

Nilitarajia sura yangu, maana mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Kwenye skrini ya ukutani kikatokea kisogo, na mabega yaliyoinamia meza.

“Nani huyu, mama?”

“Hujijui, Tunu? Si wewe, na vitabu vyako.”

Sikugeuka. Niliendelea kuitazama skrini, nimempa mgongo, na picha ikazidi kukolea.