Mjane wa Bata Bukini

Sheria ilimtaka kila mwindaji aliyeua bata bukini dume amtunze nyumbani kwake jike aliyebaki mjane, asimwache hata siku moja, mpaka jike huyo afe mwenyewe. Mzee Mwashambwa aliipigia debe sheria hiyo kwenye mkutano wa wawindaji, kisha akapiga dume mmoja tu.

Siku ya mazishi ya mdogo wake, mkewe Tusekile alisimama mlangoni amejifunga khanga.

“Baba Atupele, niwaambie wafiwa umebaki na bata?”

“Waambie naumwa.”

Daktari wa ndege, aliyekuwa akimpima bata, akacheka. “Mzima kabisa huyu, mzee. Miaka ishirini anaifikisha.”

“Mimi nina sabini na nane. Nikitangulia je?”

“Atarithiwa na mwanao.”

Mzee akaketi. Bata akamsogelea, akajilaza juu ya miguu yake.